Mwenye Bunduki na Dhima Yake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeiumba nafsi na akaharimisha kuuawa kwake pasipo haki. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad:

Yako maneno mawili ambayo watu huyasema pindi bunduki inapoua mtu pasipo kukusudiwa. Husema, «Ilijifyatua yenyewe.» Kisha husema, «Ni kudura.» Neno la kwanza huitupia chuma lawama, neno la pili huipandisha juu kwa Mola. Na baina ya maneno hayo, yule aliyeijaza ile bunduki, akaichukua, akaiweka pale alipoiweka, hutoka mlangoni kama mtu asiyekuwapo. Swali la risala hii ni hili: je, mtu huyo amesalimika mbele ya Mola wake? Na kile kichuma kidogo kilichotiwa katika bunduki ili kuizuia isilie, ambacho leo kila mwenye bunduki hukitegemea, je, chaweza kumchukulia dhima yake?

Swali hili si la wawindaji wa bara peke yao. Watu wa Mrima na wa visiwani walipanda na bunduki begani kwa miaka mingi kabla ya reli. Njia yao ilipita Mpwapwa, ikavuka Marenga Mkali pasipo na maji, ikaingia nchi ya Wagogo ambako hongo ililipwa kwa kila mkubwa wa nchi, kisha Mgunda Mkali, hata Unyanyembe. Misafara ilipokaribia mji ilipiga bunduki hewani ili kutoa habari ya kuja kwake. Reli ilipofika Dodoma, katika mwaka 1910, njia ile ya miguu ikafa, lakini safari haikufa. Na tangu serikali ilipoazimia katika mwaka 1973 kuufanya mji huo kuwa makao makuu, na khasa tangu ilipohamia huko kwa dhati katika mwaka 2016, watu wa pwani wamejaa Dodoma: makarani, wafanyi biashara, askari, na walinzi wa milango. Wengi wao hulala nyumba moja na silaha.

Na iko habari moja ya mtu aliyepita njia hiyo, nayo yafaa kutajwa, kwani imekusanya mambo yote ya mas'ala haya.

Katika mwaka 1857 walipita Ugogo Waingereza wawili, Burton na Speke, pamoja na walinzi wa Kibaluchi waliopewa na Sayyid Majid wa Unguja. Miongoni mwa wachukuzi wao wa bunduki alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, ambaye jina lake halijasahauliwa hata leo. Speke alirudi tena katika mwaka 1860 pamoja na Grant, na katika Ugogo aliwinda faru. Alikuwa askari aliyetumikia Bara Hindi, mwindaji tangu ujana wake, mtu ambaye bunduki kwake ilikuwa kama bakora mkononi mwa mzee. Alipita nchi zenye simba na vita na homa, akatoka mzima. Kisha tarehe 15 Septemba 1864, kwao Uingereza, katika shamba la jamaa zake huko Neston, alikuwa akiwinda kwale. Akataka kuvuka ukuta mfupi wa mawe, usiofika hata kiunoni. Bunduki yake ikalia, risasi zikamwingia ubavuni kwa upande wa kushoto, chini ya kwapa, na baada ya muda mchache akafa. Bunduki ile ilikuwa na mitutu miwili, tena haikuwa na kizuizi cha usalama. Mtutu mmoja ulikwisha lia. Na mtambo wa mtutu wa pili ulikutwa umepanzwa nusu.

Siku iliyofuata alikuwa akabiliane na Burton katika mkutano wa wataalamu mjini Bath, juu ya chanzo cha Mto Nile. Kwa sababu hiyo wako waliosema kuwa alijiua mwenyewe kwa kuogopa mjadala ule. Baraza lililokaa kuchunguza kifo chake liliamua kuwa ni ajali, na ghaibu ya moyo wake anayeijua ni Mwenyezi Mungu. Lakini na atazame mwenye akili: hata wale waliosema ni ajali hawakusema kuwa bunduki ilipanda ukuta peke yake. Mtu aliyejua silaha kuliko wengi wa wakati wake alivuka ukuta hali bunduki imejaa, mtambo umepanzwa, na mdomo wa mtutu umeelekea kifuani pake. Mambo matatu, na kila moja lilikuwa katika uweza wake kulizuia kwa muda usiozidi kupiga chafya mara mbili. Angalifungua bunduki akaitoa viasi. Angaliilaza juu ya ukuta, akavuka kwanza, kisha akaichukua. Angaliigeuza mdomo wake. Ujuzi wa miaka haukumfaa kitu saa ile. Na pengine ujuzi ndio uliomdhuru, kwani mwanafunzi huogopa, na fundi husahau.

Ili jambo libainike yapasa ijulikane kizuizi ni kitu gani.

Bunduki zilizoenea zaidi katika vijiji vya nyanda za kati ni magobore, zinazoshindiliwa kwa mdomoni. Sababu ya kuenea kwake ni ya kale. Katika mwaka 1890 dola za Ulaya zilifanya mapatano mjini Brussels, wakazuia bunduki mpya za viasi zisiuzwe ovyo katika Afrika, wakaziachia zile za gumegume zisizo na mikunjo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Mtu wa bara akaachiwa silaha ambayo Mzungu ameichoka. Wahunzi nao wakajifunza kuitengeneza, hata leo hutengenezwa kwa mabomba ya chuma na vipande vya magari.

Katika bunduki ya namna hii mna mtambo, kile chuma mfano wa jogoo kipanzwacho kwa kidole gumba. Na mna kifa, ambapo fataki huvikwa. Mtambo ukianguka juu ya fataki, fataki hulipuka, na moto hupita katika tundu la kifa hata kwenye baruti. Mtambo una vituo viwili. Cha kwanza ni nusu, na ndani yake jino la chuma huingia katika pengo lenye kina, ili kifyatulio kisiweze kuutoa. Cha pili ni cha kupigia. Hiyo nusu ndiyo kizuizi cha kale kabisa cha bunduki za namna hii, na bunduki njema ya fundi mwema huitii. Lakini jino ni chuma tu. Likiliwa kwa miaka, au likatiwa tupa na mtu asiyejua, au pengo likijaa kutu na mafuta yaliyoganda, huteleza. Na mtu aonaye ni salama kuuteremsha mtambo kabisa hata ukakaa juu ya fataki, huyo amefanya baya zaidi. Kwani bunduki ikianguka na mtambo ukagongwa, pigo lote huishia kwenye fataki. Kwa sababu hiyo mwindaji mwenye hadhari huenda bila fataki, na huivika pale tu anapokwisha mwona mnyama.

Bunduki za viasi zina vizuizi vilivyo bora. Ile Mauser ya mwaka 1898, waliyoichukua Wajerumani katika majeshi yao, ina kibawa nyuma ya komeo: kikilazwa kushoto bunduki hupiga; kikisimamishwa haipigi, lakini komeo hufunguka ili viasi vitolewe; kikilazwa kulia haipigi wala komeo halifunguki. Huo ni ufundi wa kusifiwa, kwani humruhusu mtu kutoa risasi hali kizuizi kingali kinafanya kazi. Lakini vizuizi vyote havilingani. Katika bunduki nyingi za marisau za mitutu miwili, kile kichuma cha kusukumwa kwa kidole gumba hukizuia kifyatulio peke yake. Mitambo iliyo ndani hubaki imetegwa kama ilivyo, na kishindo kikubwa chaweza kuing'oa mahali pake. Mwenye nayo hudhani kuwa amefunga mlango, kumbe ameufunga ufunguo.

Tena yako yale yawapatayo wenye bunduki za magazini. Mtu huitoa magazini akaiweka mezani, akaamini moyoni kuwa bunduki ni tupu, na risasi moja imekaa chemba ikimngoja. Au hufanya kinyume: hufungua komeo kwanza, risasi ikaruka nje, akaona amemaliza, kisha komeo likirudi mbele huchukua risasi nyingine kutoka katika magazini ambayo hakuitoa. Utaratibu ni magazini kwanza, chemba baadaye, kisha jicho, na kidole kitiwe chemba ikiwa ni usiku. Watu wengi wamekufa kwa bunduki «tupu».

Basi kizuizi ni nini? Ni kipande cha chuma kilichowekwa ili kusaidia pale mkono utakapokosea. Ni rehema ya fundi juu ya mghafala. Nacho hakina akili, wala hakikubaleghe, wala kalamu haikiandikii. Na amana katika sheria haichukuliwi ila na mwenye kuulizwa. Mtu akimwekesha mwendawazimu mali ya yatima, mali ikapotea, hatasikizwa akisema kuwa aliyepoteza ni mwendawazimu. Vipi basi asikizwe yule aliyeiwekesha roho ya mtu kwa jino la chuma?

Mtume (s.a.w.) hakuona baruti, lakini aliona mishale, na aliyoyaamrisha juu yake yatosha. Imepokewa kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari kwamba aliamrisha mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike kwa ncha zake, ili asimdhuru Muislamu. Na atazame mtu palipowekwa kizuizi hapo: hakikuwekwa katika mshale, kiliwekwa katika kiganja cha mwenye mshale. Ikiwa yuko wa kuchomwa, na achomwe yeye. Na imepokewa kutoka kwa Jabir kwamba alikataza upanga kupokezanwa hali uko wazi nje ya ala yake. Na bunduki kupokezanwa bila kufunguliwa, kwa kiasi hicho, ni hivyo hivyo. Na imepokewa kutoka kwa Abu Huraira kwamba alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwa kuwa mtu huyo hajui, yamkini Shetani akauvuta mkono wake, naye akaanguka kwa hilo katika shimo la Moto. Hadithi hii ndiyo jawabu ya wale wasemao kuwa bunduki ilijifyatua. Wanavyosema ndivyo ilivyotajwa: mkono ulivutwa, na mwenye mkono hakujua. Na juu ya hayo Moto umetajwa. Basi kutojua kwa mkono hakukuwa udhuru, maana kosa lilitangulia pale silaha ilipoelekezwa.

Sasa na yatazamwe maneno ya wanavyuoni. Kuua katika madhehebu ya Shafii ni kwa namna tatu: kwa kusudi, kwa kufanana na kusudi, na kwa kukosea. Mfano wa kukosea ni mtu kulenga mnyama au mti, risasi ikampata mtu. Hakuna kisasi. Hakuna dhambi ya uuaji. Diya ni ngamia mia, na huchukuliwa na jamaa zake wa upande wa ubabani, kwa muda wa miaka mitatu. Lakini juu ya hayo, Mwenyezi Mungu katika Sura ya Wanawake amemlazimisha muuaji mwenyewe kafara: kumwacha huru mtumwa aliye muumini, na asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo.

Hapa pana jambo la kufikiriwa. Ikiwa aliyekosea hana dhambi, kafara ni ya nini? Kafara maana yake ni kufunika, nacho kisichokuwapo hakifunikwi. Wako wanavyuoni waliojibu kuwa aliyekosea hana dhambi ya kuua, lakini hakukosa kuwa na upungufu wa kuacha kuthibitisha: hakutazama vya kutosha, hakungoja vya kutosha, hakuweka mbali vya kutosha. Kafara imekuja kwa upungufu huo, na kwa ajili ya utukufu wa nafsi iliyotoka. Jawabu hili ndilo lenye nguvu, kwani lamweka mtu mahali pake pa haki. Halimwiti muuaji, wala halimwachi aende zake akisema «ni kudura».

Na neno hili la kudura si uwongo. Ubaya wake ni kutumiwa mahali pasipo pake. Hakuna risasi ipatayo mtu ila kwa kudura ya Mwenyezi Mungu. Lakini Umar (r.a.), alipofika njiani kwenda Sham akaambiwa kuwa huko kuna tauni, alirudi, na alipoulizwa kama anaikimbia kudura ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwa maana ya kuwa anaikimbia kudura kwa kuiendea kudura. Mwenye kutoa viasi katika bunduki yake kabla ya kuingia nyumbani ameiendea kudura ya uzima. Mwenye kuiacha imejaa ameiacha kudura hiyo mlangoni, hali aweza. Tena ajabu ni kuwa watu hawa hawaipi kudura nafasi hiyo katika mali zao. Mtu ambaye ng'ombe wake amekufa kwa sumu iliyoachwa wazi na jirani haambiwi ni kudura akanyamaza. Hudai ng'ombe wake.

Lakini pia isidhaniwe kuwa kila anayeuawa au kuumia kwa silaha yake mwenyewe ni mwenye kulaumiwa. Katika vita vya Khaybar, Amir bin al-Akwa' alimpiga Myahudi kwa upanga wake, na upanga ulikuwa mfupi, ukamrudia mwenyewe gotini, akafa. Watu wakasema kuwa amali zake zimeporomoka. Mtume (s.a.w.) akalikanusha jambo hilo, akaeleza kuwa ana ujira mara mbili. Na katika vita vya Uhud, zilipochafuka safu, Waislamu walimuua al-Yaman, baba yake Hudhayfa, hali hawamjui, na mwanawe anapiga kelele kuwa huyo ni baba yake. Hudhayfa akawaombea maghufira, na diya akaitoa sadaka. Watu hawa walikuwa katika dharura ya vita. Hawakuwa katika mazungumzo ya alasiri. Mwenye kuzifanya habari zao kuwa udhuru wa bunduki iliyotundikwa ukutani imejaa, amezichukua mahali pake na kuzipeleka pasipo pake. Ila katika habari ya al-Yaman mna funzo kwa mwindaji wa vichaka vya Manyoni na Kondoa: kivuli si mnyama, mtikisiko wa majani si mnyama, na macho mawili yanayong'aa katika kurunzi usiku huenda yakawa ya ng'ombe wa mtu, na nyuma ya ng'ombe pana mtoto anayechunga. Mwenye kupiga kabla ya kujua amelenga dhana. Na risasi ikikosa mnyama haisimami hapo. Huenda mpaka ikute kitu.

Yabakia lile la gobore ukutani, nalo ndilo zito kuliko yote.

Na ichukuliwe hali ya mtu wa kijijini, katika nyanda hizo kavu ambapo mvua ni ya msimu mmoja tu. Alitoka alfajiri kwenda kuwinda, au kulinda shamba lake la uwele na mtama. Aliishindilia bunduki yake kwa baruti, akaweka kitambaa, akasukuma kwa mdeki, kisha risasi, kisha kitambaa tena. Siku ikapita hakuona kitu. Jioni anarudi, bunduki imejaa. Kuitoa ile baruti ni kazi ngumu. Bunduki ya viasi hufunguliwa mara moja, lakini gobore haina njia ila mbili: kuipiga, au kuivuta shehena kwa mdeki wenye parafujo, kidogo kidogo, hali mdomo wa mtutu uko mbele ya mikono yake. Baruti nayo ni ghali na haipatikani kila siku. Basi hufikiri: kesho nitatoka tena, ya nini kuipoteza? Huitoa fataki, au husahau kuitoa, akaitundika juu ya nguzo. Katika tembe la Wagogo, nyumba ya udongo yenye paa la kulala, chumba ni kimoja au viwili, na nguzo hiyo ndiyo watoto hulala chini yake.

Mtu huyu si mwovu. Ni maskini mwenye kuhesabu. Na ndipo ulipo uzito wa mas'ala, kwani haikosi kuwa na maana kumwambia tajiri mwenye kasha la chuma kuwa aweke bunduki yake mbali. Yeye hilo halimgharimu kitu. Huyu atagharimika. Kwa upande mmoja iko baruti ya siku moja, na kwa upande wa pili iko hatari ambayo pengine haitatokea kamwe. Atasema: miaka ishirini nimeitundika hapo, na haijapata kulia.

Jawabu yake iko katika hadithi ya taa. Mtume (s.a.w.) aliamrisha taa zizimwe wakati wa kulala, akataja sababu yake: huenda panya akauburuta utambi, akawaunguzia watu nyumba yao. Taa ngapi ziliachwa zikiwaka, na panya wasizifikie? Nyingi mno. Wala yeye hakuamrisha panya wakamatwe, wala hakusema kuwa ikiungua nyumba basi lawama ni ya panya. Aliamrisha moto uzimwe, kwani moto uko mkononi mwa mwenye nyumba na panya hayuko. Mtoto mdogo ni kama panya yule, hana hatia. Upepo uangushao bunduki hauna hatia. Mgeni aishushaye ukutani ili aitazame hana hatia, ikiwa hakuambiwa. Aliyebaki na jambo mkononi mwake ni mmoja tu, na jambo lenyewe ni kuipiga ile bunduki ardhini au penye kichuguu kabla ya kuingia kijijini, ikapotea baruti ya siku moja.

Tena wanavyuoni wamesema juu ya mwenye kuchimba kisima katika njia ya watu pasipo ruhusa, mtu akatumbukia akafa: diya ni lazima, ijapokuwa mchimbaji hakumsukuma mtu, na pengine yuko mbali mwezi mzima. Na wamesema juu ya mwenye kumpigia kelele mtoto asiyejua kitu, aliye ukingoni mwa dari, akaanguka akafa: diya ni lazima, tena iliyofanywa nzito. Bunduki iliyojaa mahali walipo watoto iko karibu sana na kisima hicho. Na kumtishia mtu nayo kwa mzaha kuko karibu sana na ile kelele.

Husemwa pia: bunduki tupu ina faida gani usiku, akija fisi zizini, au mwizi, au tembo shambani? Hoja hii ina haki yake, wala haifai kuipuuza. Ulinzi wa nafsi na mali ni halali, na aliyeuawa akilinda mali yake imepokewa kuwa ni shahidi. Lakini kuwa tayari kuna daraja zake. Bunduki yaweza kuwa imeshindiliwa bila fataki, na fataki ziko katika kikopo kiunoni mwa mwenyewe. Yaweza kuwa tupu, na viasi viko chini ya mto wake, na bunduki iko upande wake, si upande wa watoto. Kitambo kinachopotea ni cha pumzi chache; na ambaye hana hata pumzi hizo kwa kuwa adui amekwisha ingia, huyo ana udhuru wake, naye ndiye mjuzi wa hali yake. Kinachokatazwa ni kuifanya dharura ya usiku mmoja kuwa desturi ya miaka ishirini.

Wale walinzi wanaosimama milangoni pa mabenki na maduka ya Dodoma, na ya kila mji, wana hukumu ile ile ya mwenye mishale sokoni. Mara nyingi mlinzi huonekana amekaa kitini, bunduki imelala mapajani, na mdomo wake umewaelekea watu wanaoingia kuchukua mishahara yao. Huenda ni tupu. Wanaoingia hawajui, na Mtume (s.a.w.) ameharimisha kumtia Muislamu khofu. Mdomo na uelekee chini, na kidole kikae nje ya kifyatulio. Hili halina gharama hata ya thumuni.

Na bunduki za harusi na za Idi, ambazo bado hupigwa katika nchi nyingine kwa furaha, hukumu yake ni nyepesi kuijua: kilichopanda hushuka, na mpigaji hajui kitashukia kichwa cha nani. Huo ni ufujaji na ni hatari, na vyote viwili ni haramu.

Ama sheria ya serikali, katika Tanzania ni ile ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, nayo imemtaka kila mwenye bunduki awe na leseni; na zaidi ya mara moja serikali imetoa muda wa msamaha kwa wenye silaha zisizo na karatasi wazisalimishe bila kushitakiwa. Wako waliozificha magobore ya babu zao darini kwa kuona kuwa ni urithi. Bunduki iliyofichwa haipelekwi kwa fundi, haisafishwi, na hakuna ajuaye kama babu aliiacha imejaa. Baruti kavu hukaa miaka mingi na isife.

Imebaki faida moja ya kifikihi ambayo wengi hawaijui. Warithi wakisamehe, kama alivyosamehe Hudhayfa, diya huanguka. Katika vijiji hivi mara nyingi aliyeuawa ni mtoto wa muuaji mwenyewe au wa nduguye, wazee hukaa, watu hulia, na jambo husamehewa siku ya tatu. Lakini kafara haikuanguka, kwa kuwa si haki ya warithi. Ni haki ya Mwenyezi Mungu. Na watumwa leo hawapo wa kuachwa huru. Wala katika kauli yenye nguvu ya madhehebu ya Shafii hapana kulisha maskini badala yake. Imebaki saumu: miezi miwili ya mwandamo, mfululizo, na akila siku moja pasipo udhuru, ijapokuwa ni siku ya hamsini na nane, huanza tangu mwanzo. Mtu atakayefunga saumu hiyo huko Ugogo katika Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, ataamka usiku kula daku katika tembe lile lile, chini ya nguzo ile ile.

Wallahu aalam.